Chombo cha Kazi Tatu

Fundi Isihaka aliweka chini chuma chake cha kulehemu, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa amesimama mbele ya meza yake tangu asubuhi bila kununua kitu.

"Hebu rudia, bibie. Unataka redio ya kufanya nini?"

"Ya kazi tatu," alisema Mbuke. "Kwanza shule. Mwalimu Leokadia wa darasa letu la watu wazima kule Uyole anasema kuna masomo yanatangazwa, na mwenye redio nyumbani atajua kusoma kabla ya wenzake. Pili, inase nyimbo. Tatu, mpira."

"Mpira!" Isihaka alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Wewe Msukuma wa watu, mpira unaujua? Unajua kwamba haukamuliwi?"

"Siujui wala sina haja ya kuujua. Lakini siku ya mpira watu hukaa penye redio. Nataka wakae kwangu."

Isihaka aliirudisha kofia kichwani polepole, na kicheko kikamwisha. Alikuwa mzaliwa wa Iringa, mjukuu wa mtu wa pwani aliyepanda bara na mizigo ya wafanyabiashara akaoa huko huko, na kibanda chake cha kutengeneza redio kilikuwa Iyunga, pale Mbeya, kando ya barabara kuu. Wateja wengi walimletea redio zilizokufa. Huyu alikuja na mikono mitupu na orodha kichwani.

"Redio kaseti mpya ya dukani utatoa fahali wawili," alisema.

"Sina hata kuku."

"Basi tutaunda. Tutachukua maiti watatu tupate mzima mmoja."

Akachana kipande cha boksi, akachora kwa penseli. Alikwisha kujua kuwa mteja wake hasomi, kwa hiyo hakuandika neno hata moja. Alichora sikio, akasema hilo ni redio yenyewe, inayokamata matangazo. Akachora mdomo, hiyo ni spika. Tumbo, hiyo ni betri. Mwisho akachora kichwa kikubwa kuliko vyote.

"Hiki ni kinasa. Ndicho chenye kukumbuka. Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu hukosea. Mtu akiwa na vijisenti hununua sanduku zuri linalong'aa, akabana kwenye kinasa. Halafu anakuja kulia kwangu. Wewe bana penye sanduku, bana penye mdomo, hata penye sikio bana. Penye kichwa usibane."

"Na kikikumbuka, kinakumbuka sauti ya nani?"

"Ya aliyeimba. Ya nani tena?"

"Hata kama mtu mwingine atasema wimbo ni wake?"

Isihaka alimtazama vizuri. "Chombo hakina shemeji wala mjomba, bibie. Aliyeimba ndiye huyo huyo."

"Basi nitengenezee," Mbuke alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akaketi.

Mbuke alitoka Shinyanga akiwa mke wa Nkuba, wakiswaga ng'ombe mwezi baada ya mwezi mpaka bonde la Usangu. Nkuba alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, na hapakuwa na Msukuma pale bondeni asiyemjua. Wasilojua ni kwamba Nkuba hakupata kutunga hata ubeti mmoja. Nyimbo zilitoka kwa Mbuke, akitwanga mpunga, akikanda matope ya kusiriba ukuta. Jioni alimwimbia mumewe taratibu mara tatu nne mpaka zimwingie, kama unavyomlisha mtoto uji.

Na kwa kawaida ya kwao wimbo hauwi wimbo mpaka umtaje manju wake, kama vile ng'ombe anavyokatwa sikio ajulikane ni wa zizi gani. Basi Mbuke, kwa mdomo wake mwenyewe, aliliweka jina la Nkuba katika kila wimbo, miaka kumi na saba. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwizi ukimfungulia mlango utampigia nani kelele?

Siku moja kwenye ngoma ya mavuno mgeni mmoja aliuliza nyimbo nzuri namna ile zinatoka wapi. Nkuba akajigonga paji la uso. "Zinatoka humu. Huyu Mbuke kazi yake kusonga ugali." Watu wakacheka. Mbuke naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko cha wote, na kilipokwisha alisema, "Basi tunga mmoja hapa hapa tusikie."

Nkuba hakutunga. Wiki haikuisha, vyungu vya Mbuke vilikuwa nje ya uzio. Ng'ombe walibaki, maana ng'ombe ni wa mume. Nyimbo zilibaki, maana zilikuwa na jina la mume. Mtoto hakuwa naye, kwani wote wanne walikwenda wakiwa wachanga, kwa hiyo hata lile jina la kumsitiri mwanamke mtu mzima, mama fulani, hakulipata. Aliingia Uyole akiwa Mbuke tu. Akapanga chumba, akauza mchele sokoni, na kwa miaka mitatu hakumwimbia mtu.

Lakini wimbo haukukoma kuja. Ulikuja mmoja mzuri kuliko yote ya nyuma, na safari hii aliutilia jina lake. Alichotaka katika dunia hii kilikuwa kitu kimoja: wimbo ule usikike na watu waambiwe ni wa Mbuke.

Kichwa cha chombo kilipatikana mbali. Isihaka alisikia kwamba huko Igowole, upande wa Mufindi, karani mstaafu aitwaye Bartolomeo ana kinasa sauti alichokuwa akinasia kwaya, sasa hakitumii. Mbuke alipanda lori la mahindi, akiwa na madebe mawili ya mchele na maagizo ya fundi.

"Mwambie akiwashe, useme maneno kwa mfululizo, halafu usikilize. Sauti ikiyumba kama mlevi, mota imechoka, mwachie chombo chake. Ikiwa kama mtu aliyejifunika blanketi, hiyo ni uchafu tu, nitausafisha. Umenielewa?"

"Mlevi, niache. Blanketi, nichukue."

Igowole ilikuwa imezama katika ukungu, na baridi ilikuwa ya kumfanya mtu ajutie kuzaliwa. Bartolomeo alikitoa kinasa kwenye kitambaa kilichofumwa, akakiweka mezani kwa adabu kama anaandaa misa.

"Karibu uimbe, mama."

Mbuke hakuimba. Aliyekwisha kuibiwa haachi mlango wazi mara mbili. Alihesabu tu mabakuli ya mchele, kama apimavyo sokoni, moja mpaka ishirini. Bartolomeo akarudisha mkanda, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani. Mbuke aligeuka nyuma kutazama nani ameingia.

"Ni wewe," alisema Bartolomeo.

"Mimi? Mbona mwanamke huyo ana hasira hivyo?"

"Sijui, mama. Ulikuwa unahesabu mchele tu."

Sauti haikuyumba. Ilikuwa na blanketi kidogo. Bartolomeo aliona madebe mawili hayatoshi, naye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa karani. Mbuke akazivua bangili zake za shaba, za siku ya kuolewa, akaziweka juu ya mchele. Zilitoka kwa shida, zikaacha mkono una mistari myeupe. Katika lori alikipakata kinasa kwapani ndani ya kanga mpaka Uyole, na utingo aliyetaka kumsaidia alipigwa kofi la mkono.

Vingine vilikuwa rahisi. Sikio lilitoka kwenye redio ya mtu iliyokanyagwa na ng'ombe, ganda limepasuka lakini ndani nzima. Spika ilitoka kwenye redio kubwa ya zamani iliyokuwa ikitumika kama kiota cha kuku. Sanduku lilikuwa kasha la majani ya chai, bado linanukia. Penye tumbo walibishana. Isihaka alitaka mawe ya redio, Mbuke akauliza yanakaa muda gani. "Kwenye kusikiliza, wiki tatu. Kwenye kunasa, mota itayala kama mchwa." Basi Mbuke akatafuta betri ya pikipiki mbovu, akawa anaibeba kichwani kwenda gereji kuchajiwa kila inapochoka.

Chombo kilipokamilika kilikuwa kibaya kwa sura, mtu angedhani ni mzinga wa nyuki. Lakini kiliongea.

Masomo yalimfaa. Siku za matangazo alikaa peke yake na kitabu cha darasa, akifuata kwa kidole. Herufi alizozitaka kwanza zilikuwa tano, na Mwalimu Leokadia alimcheka kwa upole: "Wenzako wanasoma jembe na mbolea, wewe kila siku jina lako."

"Jembe halijawahi kupoteza jina, mwalimu."

Mpira nao ulifanya kazi yake. Jumapili ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, wakaketi mpaka kizingitini, wakapiga kelele, wakamkumbatia hata yeye goli lilipoingia, bila yeye kujua lipi. Filimbi ya mwisho ilipolia waliondoka wote kwa pamoja, wakibishana kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyemuaga. Mbuke akafagia maganda ya karanga, akakiri moyoni kwamba nyumba iliyojaa watu ikimwagika huwa tupu kuliko ile ambayo haikujaa.

Siku kumi na mbili kabla ya Saba Saba, alikuja Maganga, mdogo wake Nkuba. Alipiga hodi, akavua kofia, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shemeji, mayu, kaka amenituma."

"Amekutuma na ng'ombe wangu?"

"Amenituma na maneno. Saba Saba tunacheza hapa Mbeya uwanjani, na watu wa redio wanakuja na mashine zao kunasa ngoma. Wametaka wimbo mpya, si wa zamani. Kaka hana." Maganga alitazama miguu yake. "Anasema ukimpa mmoja atakupa mtamba."

"Na jina?"

"Jina ni la manju, shemeji. Unajua mwenyewe."

Mbuke alimpa chai, akamwambia arudi Jumamosi. Alipoondoka, Mbuke alikwenda dukani akanunua kaseti mpya. Kumbe watu wa redio wanakuja wenyewe. Atawapelekea kaseti mkononi kabla Nkuba hajafungua kinywa.

Siku ya pili yake, mchana mkavu wenye upepo, alifunga mlango, akatia kaseti mpya, akabonyeza kitufe chekundu kama alivyofundishwa. Akaimba.

*Ng'ombe wote wana alama sikioni,*
*mimi niliyewaswaga nani alinikata?*

Akanyamaza, kama inavyopasa, aitikiwe. Akaendelea.

*Mto niliuvuka nimembeba ndama,*
*ndama ana kwao, mimi niite nani?*

Akanyamaza tena. Aliuimba wote hivyo, beti saba, jasho likimtoka. Kisha akarudisha mkanda, akakaa chini kusikiliza.

Sauti yake ikaja, safi, bila blanketi. Halafu ukaja ukimya. Upepo kwenye bati. Halafu sauti. Halafu ukimya, mrefu, kama mtu aliyegonga mlango akasubiri.

Alikuwa amepanga kila kitu. Alipanga sikio, mdomo, tumbo, kichwa na kasha. Hakupanga waitikiaji. Wimbo wa kwao ni nusu ya manju na nusu ya watu, naye miaka yote aliziacha nafasi zile kwa mazoea ya kuzungukwa na sauti hamsini. Angeimba mfululizo kama wanavyoimba wa mijini? Ungekuwa wimbo mwingine. Na Uyole nzima, katika Wanyakyusa na Wasafwa wema waliomzunguka, nani angejua pa kuingia? Waliojua kumwitikia walikuwa kwenye ngoma ya Nkuba.

Jumamosi Maganga aliporudi, alimkuta shemeji yake bado anasikiliza. Alisimama mlangoni. Maganga alikuwa na sauti nzito kuliko wote bondeni, sauti ambayo Mbuke alizoea kuitungia, na wimbo ule ulimshika kabla hajaketi.

"Mungu wangu, shemeji. Huu ni wako?"

"Wangu. Niitikie, Maganga. Mara moja tu, niunase upande wa pili. Kiitikio ni, *mwite, mwite Mbuke.*"

Maganga alikuna kichwa. Alijua kaka yake angemfanya nini. Lakini mtu wa ngoma haponi akisikia wimbo. Akasogea karibu na kasha.

Mbuke akabonyeza kitufe. Akaimba ubeti wa kwanza, na Maganga akaingia mahali pake hasa, kwa sauti iliyotetemesha vikombe. Mbuke alifumba macho. Miaka mitatu hakuna aliyemwitikia. Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Ubeti wa tano joto lilipopanda na miguu ya Maganga ikaanza kukanyaga sakafu, akatupa kichwa nyuma, akaitikia kwa nguvu zote:

"*Mwite, mwite Nkuba!*"

Akashika mdomo. Mkanda uliendelea kuzunguka.

"Shemeji, ulimi! Haki ya Mungu ni ulimi! Tangu nikiwa kijana naitikia hilo tu. Turudie."

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo," alisema Mbuke, akazima. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Nenda, Maganga. Mwambie kaka yako mtamba wake ni mnono, amlee."

"Utafanyaje sasa?"

"Nenda."

Jumatatu alikuwa Iyunga, chombo chake kichwani, kabla Isihaka hajafungua kibanda.

"Nina swali. Mtu akinasa juu ya sauti, ile ya kwanza inakufa?"

"Inakufa. Chombo kimoja hakinasi juu bila kufuta."

"Na vikiwa viwili?"

Isihaka alifikiri. Kwenye rafu palikuwa na kinasa cha mteja mmoja, tayari kimepona, kinasubiri mwenyewe. "Viwili... kimoja kinaimba ulichonasa, wewe unaitikia kwa mdomo, cha pili kinawanasa wote wawili. Inawezekana. Ila kila ukirudia, mkanda unaongeza mavumi. Mara tano ukirudia, itakuwa kama mnaimbia mvuani."

"Mvua siiogopi. Kaseti ya pili shilingi ngapi?"

"Wewe kaa kwanza." Akatoa kaseti iliyotumika, akafunga mlango wa kibanda kwa komeo. "Lakini muitikiaji ni nani? Mimi usinitegemee, mimi sauti yangu ni ya adhana tu."

"Ni mimi."

Walikaa hapo mpaka adhuhuri. Mara ya kwanza Mbuke alimwitikia Mbuke, na alikosea mahali pa kuingia, maana hakuzoea upande ule. Isihaka akarudisha mkanda, wakaifuta. Mara ya pili aliitikia kwa sauti ya chini, ya tatu kwa sauti ya juu kama msichana, ya nne akapiga makofi na kukanyaga ardhi. Ya tano aliitikia kwa sauti yake mwenyewe. Walipousikiliza mwishowe palikuwa na mvua ya mbali, kama fundi alivyosema, na ndani ya mvua walikuwamo wanawake watano wakiita jina moja.

"Kikundi kizima," alisema Isihaka. Kisha, kwa sauti nyingine, "Bibie, hawa wengine wangekuwa watu, ingekuwa vizuri zaidi."

"Najua, fundi."

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa vumbi. Gari la redio lilikuwa limesimama pembeni, na mtaalamu wake, kijana wa mjini mwenye miwani, alimwambia Mbuke mara mbili kwamba hawapokei kaseti, wananasa wenyewe. Mara ya tatu alichoka kukataa. Akaitia kaseti kwenye mashine, akavaa vile vya masikioni.

Mbuke hakusikia kitu. Alisimama akimtazama yule kijana uso. Mwanzo uso ulikuwa wa mtu anayesubiri wakati upite. Halafu akaacha kuandika. Halafu, mahali pale pale pa kuingia, midomo yake ikaanza kusogea.

Alivua vya masikioni. "Kikundi chako kina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Nasema waitikiaji."

"Nimekuelewa. Mmoja."

Kijana alimtazama, akavuta daftari. "Sikuahidi kitu, mama. Wakubwa wataamua kule. Jina la mtunzi?"

Kabla Mbuke hajajibu, mtu mmoja wa Usangu aliyekuwa karibu na gari, kwa nia njema kabisa, alidakia: "Humjui? Huyo ni mke wa manju Nkuba!" Na kijana akaandika, haraka, bila kuinua kichwa.

Mbuke aliinama juu ya daftari. Mstari mzima hakuweza kuusoma. Lakini alijua jina lake lina herufi tano, na pale palikuwa na maneno manne.

"Futa," alisema.

"Samahani?"

"Futa hiyo. Nipe kalamu."

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Aliandika polepole, ulimi umeshika mdomo wa juu, M, B, na U yake ikazama chini ya mstari, K ikamtoka mguu mmoja mfupi. Alipomaliza E aliitazama muda, kisha akamrudishia kijana kalamu.

"Soma."

"Mbuke," alisoma kijana.

"Tena."

"Mbuke."

Akaitika kwa kichwa, akajifunga kanga. Huko katikati ya uwanja ngoma ya Nkuba ilikuwa ikiingia, na alisikia tangu mdundo wa kwanza kwamba ni wimbo wa zamani, ule wa mwaka wa ukame, alioutunga akiwa na mimba ya pili. Sauti hamsini ziliitikia. Aliwapita kwa pembeni, hakuna aliyemwita, akashika njia ya Uyole kwa miguu.